Kwa Nini Binti Mzagila Hapendeki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tangu tumalize kuonyesha tamthilia yetu katika kumbi za Iringa, Mafinga, Njombe na Mbeya, maswali yanayotufikia ni yaleyale. Watu huyauliza mlangoni wakitoka, huyauliza sokoni, na wengine huyatuma kwa simu usiku. Mimi ndiye niliyeandika mswada, kwa hiyo nimepewa kazi ya kuyajibu. Nimeanza na ya mtu ambaye hajaiona kabisa, nikamalizia na yale machache yaliyotunyima usingizi.

## Ya msingi

Tamthilia hii inahusu nini?

Ni hadithi ya sehemu sita, iliyopigwa kwa kamera na kuonyeshwa kwenye skrini, juu ya msichana wa Uhehe, nchi ya Wahehe hapa Iringa, kati ya 1891 na 1898. Baba yake ni mzagila, yaani mkubwa wa eneo chini ya Mkwawa, Mtwa (mtawala) wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, ndiyo maana kila mtu humwita Binti Mzagila. Jina jingine hatukumpa.

Tunamkuta siku chache kabla ya vita vya Lugalo, akiwa na miaka 15. Anakataa wachumba watatu, anagombana na mama yake wa kambo, na ngome ya Kalenga inapoanguka anahamia upande wa Wajerumani. Katika sehemu ya tano anawaonyesha askari njia anayopita kaka yake akimpelekea Mkwawa chakula porini. Kaka ananyongwa. Sehemu ya sita inaruka hadi 1954, siku fuvu la Mtwa, lililokuwa limechukuliwa na Wajerumani, liliporudishwa Kalenga, na Binti ni kikongwe aliyesimama kwenye umati.

Je, ni hadithi ya kweli?

Vita ni vya kweli, Binti ni wa kutungwa. Tarehe kubwa tumezifuata: tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walilivizia jeshi la Emil von Zelewski pale Lugalo na kulivunja, naye Zelewski akafa hapohapo. Tarehe 30 Oktoba 1894 jeshi la Gavana Friedrich von Schele liliingia Kalenga. Mkwawa alitoka, akaishi akiwindwa kwa karibu miaka minne, na tarehe 19 Julai 1898 akajipiga risasi Mlambalasi ili asikamatwe.

Baba, kaka, mama wa kambo na wachumba watatu wote nimewatunga mimi. Hakuna ukoo wowote niliouchukua kama ulivyo.

Kwa hiyo ni mwanamke aliyemsaliti Mkwawa?

Hapana. Naomba jibu hili lisomwe polepole, kwa sababu mwalimu mmoja wa Njombe ametuambia kuwa wanafunzi wake wameanza kusema, kama historia, kuwa ni mwanamke.

Kumbukumbu zilizoandikwa zinasema doria iliyoongozwa na Sajini Meja Merkl ilifikishwa karibu na Mlambalasi na kijana aliyekuwa amefuatana na Mkwawa siku zile za mwisho. Merkl alipofika aliona miili miwili imelala, akafyatua risasi, kisha akakuta Mkwawa alikuwa ameshakufa. Hakuna binti wa mzagila katika habari hiyo. Hata katika tamthilia yetu Binti anamtoa kaka yake, hamtoi Mtwa. Ila tuliunganisha matukio hayo mawili kwa muziki mmoja na giza moja, na mtazamaji ana haki ya kuchanganya. Kosa hilo ni letu na linarekebishwa kwanza kabla ya mengine yote.

Mbona mnasema wenyewe kwamba imeshindwa? Si mngekaa kimya tu?

Kwa sababu tuliona. Mafinga ukumbi ulijaa sehemu ya kwanza, na ilipofika ya nne viti vya nyuma vilikuwa vitupu. Mbeya watu walikaa hadi mwisho, lakini walikaa wakizungumza mambo yao. Watu waliacha shughuli, wakalipa kiingilio, wakaja kuona habari za babu na bibi zao. Mtu wa namna hiyo akiondoka katikati, anastahili kuambiwa ukweli kuhusu kilichomwondoa.

## Kuhusu Binti mwenyewe

Kwa nini hapendeki hata kidogo?

Hili ndilo swali kubwa, nami nitalijibu kwa urefu.

Nilipokuwa naandika nilitaka mwanamke mwenye nguvu. Nilichoka na tamthilia za zamani ambamo mwanamke anabeba mtungi, analia, anaolewa, basi. Kwa hiyo nikampa Binti ulimi. Anamjibu baba yake, anamdharau mama wa kambo, anawacheka wachumba, anawafokea wanaomtwangia. Kila nilipoona eneo limepoa nilimwongezea neno kali, nikadhani namwongezea nguvu.

Usiku ule wa Mafinga, mama mmoja wa makamo alisimama sehemu ya tatu ilipoisha. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, kama anavyouliza mzazi aliyeletewa kesi nyumbani: “Huyu mtoto anataka nini?” Nilikuwa nimesimama pembeni ya pazia na sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeandika kurasa zaidi ya 200 za mtu ambaye sikujua anataka nini.

Rudi uangalie. Anakataa wachumba, lakini hakuna anayempenda na hakuna kazi anayoitamani. Anahama kwenda kwa Wajerumani, lakini hatuoni njaa iliyomsukuma, wala hofu, wala tamaa ya kitu anachoweza kukishika mkononi. Anamtoa kaka yake, na sababu pekee niliyoiandika ni kwamba kaka alimwambia anyamaze. Mtazamaji anaweza kumfuata mtu mbaya mbali sana, ila sharti ajue wanakwenda wapi. Binti alikuwa anawatukana wenzake njiani huku haendi popote.

Je, mhusika mkuu lazima awe mwema?

La. Tumelelewa na sungura sote. Ni mwongo, ni mwizi, anamtia fisi matatani na kumwacha apigwe peke yake, na bado tulimwomba bibi asimulie tena. Tulimpenda kwa sababu tulijua tangu mwanzo kuwa ni mdogo kuliko wanyama wote, ana njaa, na akili ndiyo silaha yake pekee. Tena bibi alijua kumwadhibu. Mara nyingine kobe alimshinda, nasi tulicheka na kumwonea huruma kwa pamoja.

Binti wetu hana udogo wa sungura wala njaa yake. Ni binti wa mkubwa, anakula, anavaa, na hakuna kobe anayemngoja njiani.

Ni eneo gani hasa lililowaudhi watu?

La unga. Kila ukumbi tulioingia, hapo ndipo tulipowapoteza.

Ni sehemu ya nne, baada ya Kalenga kuanguka. Mashamba yameharibiwa, watu wanakula mizizi. Mama mwenye mtoto mgongoni anamwomba Binti konzi moja ya unga wa ulezi. Binti anachota, anaunyoosha mkono, kisha anaumwaga chini taratibu huku akimwangalia usoni. Anaondoka. Kamera inabaki na mama anayeokota unga pamoja na mchanga.

Nilidhani eneo hilo litaonyesha jinsi vita vinavyomkausha mtu moyo. Lakini nyanda hizi watu wanajua unga ni nini. Kuna wazee kwenye kumbi zile waliozaliwa na watu waliozikumbuka njaa za baada ya Kalenga na za baada ya Maji Maji, na hadithi za njaa walizipata jikoni, hawakuzisoma. Chakula hakimwagwi mbele ya mwenye njaa. Hata adui huwekewa pembeni. Kwao Binti alikoma kuwa mtu pale, na kila kilichofuata hakikuwahusu tena.

Kibaya zaidi, eneo hilo halina matokeo. Mama yule haonekani tena. Binti hakumbuki. Hakuna anayemuuliza. Kama angekutana naye sehemu ya sita, mwaka 1954, kwenye umati uleule wa Kalenga, labda ningekuwa na tamthilia. Sikuliona hilo hadi binti yangu aliponiuliza, “Baba, yule mtoto wa mgongoni alikula?”

Kwa nini haamkii wakubwa?

Hili lilikuwa bahati mbaya, wala halikukusudiwa. Niliondoa “shikamoo” yote kwa sababu ni salamu ya Kiswahili cha pwani, na msichana wa Uhehe wa 1891 asingemwamkia baba yake hivyo. Hapo nilikuwa sahihi. Kosa ni kwamba nilitoa bila kuweka. “Kamwene” ipo, kupiga magoti kidogo kwa binti mbele ya mzee kupo, na vyote viwili mtu wa Iringa anavijua. Matokeo yake Binti anaingia nyumba za watu kama mvua ya upepo, anaanza kusema tu. Wengi walimchukia dakika ya tatu, kabla hata hajatenda kosa lolote nililolipanga.

Je, mnataka kusema mwanamke mwenye msimamo ni mtu mbaya?

Swali hili limetoka zaidi kwa wasichana wa vyuo, Iringa na Mbeya, na limeniuma kuliko yote, kwa sababu nilikusudia kinyume chake. Lakini kilicho kwenye skrini ndicho kilichosemwa. Tuna mwanamke mmoja tu anayeamua mambo yake, na kila anachoamua kinaua mtu. Wanawake wengine wote wanatii na wanalia. Msichana akitoka na somo hilo hajakosea kusoma.

Katika miaka ile minne ya maporini, Mkwawa aliishi kwa sababu watu walimlisha na kumficha, huku Wajerumani wameweka rupia 5,000 kwa atakayemtoa. Chakula hicho kilitwangwa, kilipikwa, kilifungwa, kilibebwa usiku. Vitabu vinataja majemadari. Waliosaga ule unga hawana majina kwenye vitabu, na kila kibuyu kilichotoka nyumbani kilikuwa uamuzi wa mtu aliyejua atanyongwa akikamatwa. Wanawake wa msimamo walikuwepo tele. Mimi nilikuwa nimempa kamera yule mmoja asiyebeba kitu.

Je, ndiyo sababu mwisho wake hauridhishi?

Sehemu kubwa ni hiyo. Sehemu ya sita Binti anasimama Kalenga tarehe 19 Juni 1954. Gavana Edward Twining anamkabidhi fuvu Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mtwa, na kamera inakwenda usoni mwa kikongwe. Nilimwambia mwigizaji asifanye chochote. Nilifikiri uso mtulivu utamwachia mtazamaji nafasi ya kuwaza.

Lakini ukimya unahitaji kitu nyuma yake. Mtu aliyemtoa kaka yake miaka 56 iliyopita, akasimama na kuona kichwa cha Mtwa kinarudi nyumbani huku kaka hana hata kaburi, hawezi kuwa na uso ule. Watu waliona mwanamke ambaye halikumgusa, na wakaondoka wakiwa na hasira ambayo hawakupewa pa kuiweka.

Dada aliyemwigiza yukoje? Ni kweli ana tabia ile?

Si kweli, na tafadhali acheni. Amezomewa kwenye daladala. Muuza nyanya alikataa kumuuzia. Mama mkwe wake aliulizwa kanisani kama anaishi naye salama. Huyu ni mtu aliyekesha akijifunza maneno niliyoyaandika mimi, na alinionya mara mbili kuwa eneo la unga halimkai mdomoni. Mwenye hasira anitafute mimi.

## Makosa ya zama

Kanga aliyovaa ina maandishi. Mwaka 1891?

Mmeona sawasawa. Kanga zilikuwepo pwani miaka hiyo, lakini jina na methali kwa herufi hizi tunazosoma leo ni mambo ya karne ya 20. Bara nguo za biashara zilizofika na misafara zilikuwa hasa merikani na kaniki. Mtunza mavazi wetu aliazima kanga kwa shangazi yake alfajiri ya siku ya kupiga picha, baada ya kaniki tulizoagiza kuchelewa. Ilitakiwa niahirishe.

Na shilingi je?

Kosa. Shilingi ya Afrika Mashariki ilikuja 1921. Katika miaka ya hadithi yetu fedha ya Wajerumani ni rupia na pesa. Sehemu ya tano Binti anaahidiwa “shilingi mia”, na ukumbini Mbalizi kijana mmoja alicheka kwa sauti. Linarekodiwa upya.

Nyuma ya vita vya Lugalo kuna mipaina. Ilipandwa lini?

Baadaye sana. Vita tulivipigia picha upande wa Mufindi, kwa sababu tulipata shamba la mtu aliyeturuhusu kuwasha moto. Mipaina na milingoti unayoiona mlimani ni miti ya kupandwa ya karne ya 20. Lugalo yenyewe ni nchi ya vichaka na mawe, na ndiyo maana watu waliweza kujificha karibu kiasi kile na njia ya msafara. Ukiweka mipaina mahali pa vichaka, mtazamaji haelewi tena kwa nini mikuki ilishinda bunduki: jeshi lilikuwa kwenye mstari mrefu, bunduki nyingi hazijajazwa, na Wahehe walitoka vichakani wakiwa tayari hatua chache tu. Kwa hiyo si kosa la mapambo tu, limekata maana.

Yuleyule anayeuliza mipaina huuliza pia chai ambayo mama wa kambo anamwagia kikombe. Nayo imeondolewa. Chai ya Mufindi ni habari ya enzi za Waingereza.

“Nyundo” ni nani?

Zelewski. Ndilo jina alilopewa na watu. Tulilitumia kama wanavyolitumia wahusika, tukasahau kuwa mtazamaji wa leo hajui kama ni mtu au chombo.

Kwa nini vita vyenyewe vinachukua dakika mbili tu?

Hatukuwa na watu wala bunduki za kutosha. Lakini pia nilitaka hadithi ya nyumbani, na hapo sijabadilisha mawazo. Tatizo ni kwamba niliahidi vita kwenye tangazo. Nililoahidi kwenye bango lilipaswa kuwepo ukumbini.

Kwa nini wanaongea Kiswahili cha mjini?

Kihehe kingetufungia mlango wa Mbeya na Njombe, kwa hiyo tukachagua Kiswahili, nalo sioni kuwa kosa. Kosa ni “sawa bosi” na “mambo vipi” zilizoingia wakati wa kurekodi, na zaidi ni kukosekana kwa salamu (angalia swali la kwa nini haamkii wakubwa). Mzee wa Kalenga aliyetusaidia alipendekeza jambo rahisi: watu waseme Kiswahili, lakini salamu, laana na kilio vibaki Kihehe, kwa sababu hayo mtu hayasemi kwa lugha ya kujifunza. Tunafanya hivyo.

Mbona Wasangu wote ni wabaya?

Maonyesho ya Mbeya ndiyo yaliyotufumbua macho. Katika tamthilia, Msangu anatokea mara tatu, na mara zote tatu yuko pamoja na Wajerumani, anacheka.

Ni kweli Merere, mtawala wa Usangu, alishirikiana na Wajerumani dhidi ya Mkwawa. Ila hatukusema kwa nini. Wahehe na Wasangu walikuwa wamepigana tangu enzi za Munyigumba, baba yake Mkwawa. Wasangu walisukumwa nje ya nchi yao hadi Utengule ya Usafwa, karibu na hapohapo Mbalizi tulipokuwa tunaonyesha. Kwa mtu aliyefukuzwa kwao, Mjerumani alikuwa njia ya kurudi nyumbani. Hilo ni jambo analolitaka mtu, nalo lina uzito. Laiti ningempa Binti nusu yake. Mzee mmoja wa Mbarali alinishika mkono akaniambia, “Mwanangu, na sisi tulikuwa na mama zetu.” Toleo jipya lina mama wa Kisangu, na anazungumza.

Je, kulikuwa na wasaliti wa kweli upande wa Wahehe?

Kulikuwa na watu waliojisalimisha, na hadithi zao hazinyooki. Mfano ni Mpangile, ndugu yake Mkwawa. Wajerumani walimweka awe mkubwa wa Wahehe mwishoni mwa 1896, na mwanzoni mwa 1897 wakamnyonga kwa kumshuku kuwa anasaidia upande wa ndugu yake. Wiki chache tu za ukubwa, kisha kamba. Je, alikuwa msaliti, au mtu aliyejaribu kuwaokoa waliobaki, au vyote viwili kwa siku tofauti? Ningekuwa nimetafakari habari za Mpangile wiki moja tu kabla ya kuandika, Binti asingekuwa jiwe.

Mliyajuaje maisha ya wanawake wa wakati ule?

Kwa shida. Magdalene, mkewe Tom von Prince aliyeanzisha boma la Iringa mwaka 1896, aliishi hapa na kuandika kitabu juu ya miaka yake. Ni macho ya mke wa ofisa. Anaona vizuri bustani yake na watumishi wake. Nilimtegemea mno. Nadhani ndiko Binti alikopata ile tabia ya kuwatazama watu wake kama kutoka barazani. Toleo jipya limeanza na mazungumzo na bibi kumi na mmoja wa Kalenga, Ifunda na Ilula, juu ya walichosimuliwa na bibi zao.

## Yanayoendelea

Toleo jipya litabadilika nini?

Makosa ya zama yaliyotajwa juu yote yanatoka. Kuhusu Binti, habaki mwema. Anabaki na ulimi wake, na bado anamtoa kaka yake. Kilichobadilika ni kwamba sasa tunajua anataka nini: mtoto wake. Amezaa, mtoto amechukuliwa kupelekwa bomani pamoja na mateka wa Kalenga, na kila mlango anaougonga unamwelekeza kwa Wajerumani. Kaka anamkataza asiende. Mtu wa Iringa akimwona sasa anaweza kusema, “Mimi nisingefanya hivyo,” halafu akanyamaza kidogo kabla ya kuendelea kuwa na uhakika.

Unga unabaki pia. Safari hii ni Binti anayeomba.

Tulilipa kiingilio. Tutalipa tena?

Hapana. Njoo na tiketi ya zamani. Kama umeipoteza, tuambie ulikaa upande gani, tutakuamini.

Naweza kuwaonyesha wanafunzi toleo la kwanza?

Tungeomba usubiri. Ukilazimika, ruka sehemu ya tano, na waeleze mambo mawili: jibu la swali la nani alimsaliti Mkwawa, na kwamba fuvu halikurudi kwa hisani ya Twining peke yake. Lilikuwa limetajwa katika Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, likitakiwa lirudishwe ndani ya miezi sita. Ilichukua miaka 35. Sisi tulionyesha kofia ya Gavana kwa karibu mno, na watoto wanadhani ndiye aliyelitafuta kwa moyo wake.

Wapi tunaweza kuona mahali penyewe?

Kalenga kuna makumbusho na fuvu lipo. Mnara wa Lugalo uko kando ya barabara kuu ya kwenda Morogoro, wengi tunaupita kwenye basi tumelala. Mlambalasi, kaburi la Mtwa, ni njia ya kwenda Hifadhi ya Ruaha. Mjini kuna Boma la Iringa lenye makumbusho, na jiwe la Gangilonga linaloutazama mji kutoka juu. Ukipata siku moja tu, nenda Kalenga asubuhi na Mlambalasi mchana, kwa utaratibu huo.

Bibi yetu alisimulia kuwa mama yake alipeleka chakula maporini. Mnataka kusikia?

Tunataka sana. Msimulizi arekodiwe nyumbani kwake, kwa lugha yake, akiwa na mjukuu anayemwamini. Kanda inabaki kwa familia, sisi tunachukua nakala. Jina halitatumika bila ruhusa ya wote walio hai.

Ukoo wetu husemwa kwamba babu aliwaonyesha Wajerumani njia. Mtamtaja?

Hatutamtaja. Swali hili limekuja mara nne, kutoka sehemu nne tofauti, na mara zote lililetwa na kijana mdogo wa ukoo kwa niaba ya wazee. Tumekataa hata kuandika jina la kijiji.

Lakini mmoja wa vijana hao alirudi siku ya pili. Alisema babu yake mkuu alikuwa na mke na watoto watatu waliozuiliwa bomani wakati ule, na kwamba sehemu hiyo ya habari watu hawaisimulii, husimulia njia tu. Nilimwomba akae. Mtoto wa Binti katika toleo jipya alizaliwa jioni hiyo, kwa idhini ya wazee wa ukoo wake, na wao ndio watakaoiona sehemu ya tano kwanza, kabla ya ukumbi wowote kufunguliwa.